Pakiti ya Watu Wawili

Jumamosi nilikuwa kwenye duka letu hapa Kaloleni wakati mzee mmoja jirani aliponunua kiberiti tu. Mama wa duka akamuuliza kupitia wavu, "Mzee, maziwa siku hizi unanunua kwa nani?"

"Sinunui." Akainua vidole viwili, akakunja kimoja. "Pakiti ni ya watu wawili. Tangu nimzike mama watoto, nusu inaharibika."

"Kwa hivyo unakunywa strungi, chai bila maziwa?"

Mzee akaudhika kidogo. "Strungi ni ya aliyekosa maziwa. Mimi nakunywa oolong, chai ya Wachina. Niliosha vyombo kwenye hoteli yao, na nilipostaafu mpishi akanipa kopo zima. Hiyo huichemshi. Unayamwagia majani maji moto, yanafunguka polepole kama ngumi ya mtoto aliyelala. Hayo hayo unayarudia hata mara tano."

"Na ni tamu?"

"Maji ya kwanza hayanywewi, ni ya kuosha majani. Mpishi alikuwa anayamwaga kwenye sinki." Akakitazama kiberiti chake. "Mimi nayamimina kwenye kikombe cha mama watoto. Halafu nakunywa ya pili."

Mama wa duka akampa chenji yake.

Kwangu tuko sita, na kila asubuhi napiga kelele nikitaka kujua nani amemaliza maziwa. Jumapili nilikuta tena pakiti tupu mezani. Nilikunywa strungi yangu kimya, nikiomba isije siku nikakuta maziwa yamebaki.