Mbwa wa Fisi

Katika miaka ya hamsini, nilipohamia Bariadi kulima pamba, nyumba yangu ilikuwa na milango miwili na mtu mmoja. Jioni nilisalimiana na jembe. Halikujibu, lakini halikunisengenya pia, kwa hiyo tulielewana.

Waliokuja kwangu walikuja na barua. Nilikuwa nimemaliza masomo ya usiku kule Ipililo, na kwa hesabu yangu nilikuwa msomi wa tatu kutoka hapo hadi ziwani. Mgeni wa kudumu alikuwa mama mmoja mjane, ambaye mwanawe wa pekee alikwenda Mwanza kutafuta kazi. Kila wiki alileta barua ileile, nikamsomea, naye akasikiliza kana kwamba imefika asubuhi hiyo. Akiondoka aliniachia michembe, viazi vyake alivyovikausha mwenyewe, na nyumba ikabaki na mtu mmoja kwa siku sita.

Siku sita hizo ndizo zilizonipeleka kutafuta mbwa. Sikuwa nimefuga hata kuku. Nikatembea hadi Zagayu kwa mfugaji mzee aliyesifika kwa mbegu za mbwa.

"Hawa wembamba ni wa kuwinda," alisema. "Wale wenye vichwa vikubwa ni wa kufukuza fisi. Wewe unamtaka wa kazi gani?"

Nilitaka kusema wa kukaa naye. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini wanawe wakubwa walikuwa pale wakikamua, na mwanamume mzima akisema anatafuta mbwa wa kuongea naye, wangecheka mpaka maziwa yamwagike.

"Wa fisi, namhala," nikasema, kama wazee wanavyoitwa kwetu kwa heshima.

"Una ng'ombe wangapi?"

"Wako njiani."

"Kumbe fisi wametangulia."

Akaanza kuwainua watoto wa mbwa kwa ngozi ya shingo. Aliyelia alirudishwa chini. "Huyu wa kubembelezwa." Mmoja alinyamaza, akatutazama kama hakimu. Huyo ndiye niliyepewa.

Mwaka ulipoisha alikuwa sawa na ndama, na nikisema ndama labda naongeza kidogo tu. Fisi hawakuonekana, ingawa kusema kweli hata kabla yake sikuwahi kumwona fisi pale. Lakini watu nao waliisha. Wenye barua walifika kwenye ua wangu wa minyaa, wakasikia mngurumo, wakakumbuka wameacha kazi nyumbani.

Yule mama mjane hakukata tamaa. Asubuhi moja alikuja na barua mpya.

"Mwangaluka, mwanangu," aliniamkia toka njiani. "Mshike huyo."

"Nimemshika, mayu," nikasema, yaani mama kwetu. "Pita tu."

"Umemshika au amekushika?"

Hakupita. Alichomeka barua kwenye minyaa, akarudi nyuma hatua ishirini. Nikaichukua, mbwa nimembana kwa magoti, na kwa kuwa alikuwa anabweka nikapaza sauti, ile ya kusomea darasa zima. Mwanawe alisema ameoa huko, harudi tena, na shamba lake apewe mjomba. Nilikuwa nimeshayatoa maneno kabla sijayaelewa. Ng'ambo ya njia, watu waliokuwa wanapalilia wakasimamisha majembe.

Mama alinyoosha mkono. Nikaichomeka barua pale alipoiweka.

"Umesoma vizuri," alisema, akaenda.

Wiki iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nikamfunga mbwa, nikaenda kwake. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kufika. Nikapiga hodi mara tatu.

"Leo sina barua," alisema toka ndani.

"Sikuja kwa barua, mayu."

"Basi umejia nini?"

Safari hii nilisema. Nilisema nyumba yangu ni kimya mno, na kwamba mbwa yule sikumtafuta kwa ajili ya fisi.

Alifungua mlango. Kisha akatoka na kigoda, akakiweka nje karibu na mlango, akarudi jikoni kwenye moshi wake. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali. Hakunikaribisha ndani, wala hakunifukuza.