Washenzi Walivyoingia Mlali

Wiki iliyopita mwanangu wa mwisho alikuwa amejilaza sebuleni hapa Dodoma na tableti yake, mara nikamsikia akiguna, "Tayari, wameshafika." Sikuuliza ni akina nani. Nilisimama nyuma yake na sahani mkononi, nikaviona vijitu vyekundu vikitokea gizani kwenye kona ya ramani, nikarudi nyuma hatua moja. Mtu mzima mimi, mwenye kazi na familia! Mwanangu alipigana navyo, akashindwa, akacheka, akaanza upya, akaendelea kutafuna bisi zake. Mimi utotoni sikuwa na kuanza upya. Kaa hapa nikusimulie, maana hata mume wangu sijawahi kumwambia.

Tulikuwa tunaishi Mpwapwa, ukuta kwa ukuta na mzee tuliyemwita Bwana Mifugo, kwa kuwa ndiye aliyechanja ng'ombe wa mtaa mzima. Alikuwa na kompyuta moja nzito, yenye mgongo mkubwa, iliyovuma muda wote kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Mgeni wake mmoja aliwahi kuacha gemu humo ndani. Unaanza na watu wachache katika nchi iliyojaa giza. Unajenga mji, unaamua nani aende wapi, kisha unabonyeza kitufe cha kumaliza zamu na kungoja uone wengine watafanya nini katika zamu yao. Hakuna anayekuharakisha, na hilo ndilo lililotutoa jasho. Unaweza kukaa dakika kumi kidole kiko juu ya kitufe, unaogopa kukibonyeza, kwa sababu mwanzoni kabisa, kabla hujajipanga, washenzi hutoka gizani. Hawana mji, hawana mfalme, wala hawana mazungumzo.

Mchezaji alikuwa kaka yangu. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni yake na kamusi, namtafutia maana ya maneno ya Kiingereza. Tulikuwa na miji miwili. Wa kwanza tuliuita Mpwapwa, ulikuwa juu ya kilima. Wa pili tuliuita Mlali, kwa sababu mama alizaliwa Mlali. Kisha kaka akachaguliwa kwenda shule ya bweni. Asubuhi ya kuondoka, baba ameshalibeba tranka mpaka barabarani, kaka akanivuta kando.

"Uiendeleze wewe," akasema. "Nikirudi mwezi wa sita nataka nikute miji yote miwili. Usipoteze hata mmoja. Na kila zamu hifadhi, umeme huu haueleweki."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sijui kama kuna mtu amewahi kunikabidhi kitu kikubwa namna ile.

Bwana Mifugo alinipa saa moja kila Jumamosi, nikishamaliza kuchota maji na kumsaidia bibi kupeta. Nilifika kwake makapi ya uwele bado yamo kwenye nywele. Chumba kilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alinikaribisha, akaniwashia, akarudi kwenye redio yake.

Jumamosi ya tatu akatokea mshenzi mmoja, na rungu lake, upande wa Mlali. Ndani ya Mlali nilikuwa na mpiganaji mmoja tu, na nje ya mji palikuwa na kamchoro ka ng'ombe wetu. Nikafikiri kama ambavyo mtoto yeyote wa kwetu angefikiri. Mwizi akija anafuata nini? Ng'ombe. Baba akisikia kishindo alikimbilia zizini na fimbo, sijawahi kumwona akilinda meza na viti. Nikamtoa mpiganaji mjini, nikamsimamisha juu ya ng'ombe, nikamaliza zamu huku najisifu.

Mshenzi akawapita ng'ombe bila hata kuwatupia jicho. Akaingia Mlali, hakuna mtu mlangoni. Moshi ukapanda, jina la mji likafutika, na mkono wangu uliozoea kutii ukahifadhi kabla akili haijafika, ikawa haiwezekani tena kurudi nyuma. Mpiganaji wangu akabaki kule nje, amesimama na ng'ombe wake.

Nilirudi nyumbani, nikalala bila kula. Kila Jumamosi baada ya hapo nilikwenda kwa Bwana Mifugo kama mtu anayeitwa polisi. Nilimrudisha mpiganaji Mpwapwa, nikamfungia ndani, nikawa namaliza zamu mbili au tatu tu, jasho likinitoka, kisha naomba ruhusa ya kuondoka. Kaka aliandika barua moja akiomba sabuni na karanga. Miji hakuitaja. Nikaona ananiamini, na hilo likaniumiza zaidi kuliko kama angeuliza.

Mwezi wa tano wakaja watatu upande wa Mpwapwa, ambako nako tulikuwa na shamba na ng'ombe nje ya mji. Siku hiyo bibi alikuwa amenifuata, kuna kazi nilikuwa nimeikimbia nyumbani. Bwana Mifugo alimwamkia, akampa kiti, naye badala ya kuniinua akabaki anakodolea macho kioo.

"Hao wekundu ni nani?"

"Washenzi, bibi. Wanataka kuuchukua mji."

"Na hao ng'ombe?"

"Ni wetu."

Bibi akasogeza kiti. "Sasa wanawafuata! Watoe watu waende! Unakaa tu, wee mtoto?"

Mtu wa kutoa alikuwa mmoja, yuleyule. Mpiga mishale niliyekuwa namwandaa alibakiza zamu tatu. Nikitoka, mji unabaki mtupu. Nikabonyeza. Washenzi wakachoma shamba. Nikabonyeza tena. Wakawafikia ng'ombe, na mara hii waliwaharibu kweli, kamchoro kakafutika. Bibi akajishika kichwa.

"Ng'ombe wameisha! Ng'ombe wameisha na wewe unatazama!"

"Bibi, samahani, niache."

Sikuwahi kumjibu hivyo, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Bwana Mifugo alizima redio. Nilibonyeza mara ya tatu, na mpiga mishale akasimama ndani ya mji. Washenzi wakaanza kupanda kilima. Wa kwanza akaanguka. Wa pili akaanguka, lakini mpiganaji wangu alibakiwa na kamstari ka uhai kembamba kama uzi. Wa tatu akapanda. Mishale ikamkuta katikati ya mteremko, akayumba, akamfikia mpiganaji wangu, wakapigana, na sikuweza kutazama.

"Amelala," bibi akasema. "Fungua macho. Mwekundu amelala."

Kaka alirudi mwezi wa sita na sauti nzito. Alikula ugali wa uwele na mlenda kama mtu aliyetoka jela, akatusimulia habari za bweni tukacheka. Mimi nilicheka kidogo. Nilikuwa nimekariri maneno ya kumwomba msamaha. Jumamosi nikampeleka. Alimpa Bwana Mifugo shikamoo, wakaingia kwenye mambo ya mpira, kisha akatupia macho kioo, mkono mmoja mfukoni.

"Kumbe hiki kitu bado kipo."

"Kaka, nisamehe. Ile Mlali..."

"Mlali gani?"

"Mji wetu wa pili. Ulichukuliwa."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote. "Kwani ilikuwa miwili?" Halafu wenzake wakampigia mluzi nje, akatoka kwenda uwanjani. Mimi nilikwenda nyuma ya zizi nikalia mpaka kwikwi zikaniishia. Nililia kwa hasira. Miezi mitano nimelinda kitu ambacho mwenyewe alishakiacha siku ile ile alipopanda basi.

Kompyuta ile ilikufa mvua zilizofuata. Bwana Mifugo alihamishwa, na nyumba yake sasa ni gesti yenye vigae vinavyong'aa. Zizi la baba halipo. Kaka ana kitambi na maduka mawili, na nilipomkumbusha gemu lile kwenye simu alisema labda namchanganya na mtu mwingine. Bibi tulimzika mwaka niliomaliza chuo. Vitu vyote hivyo viliondoka, na mimi sikuwa na mpiganaji wa kumweka mlangoni.

Ila jioni ya siku ile niliyolia, bibi alikuwa ameinama jikoni anasonga ugali. Hakuuliza macho yangu yamevimba kwa nini.

"Wale wekundu wamerudi?" akaniuliza, mwiko ukiendelea kuzunguka.

"Hawajarudi, bibi."

"Wakirudi uniite. Usikae nao peke yako."