Nilibonyeza kijani kwa shamba ya mum, satellite ikabeba

Niaje wakuu,

Hii kitu imenikalia kwa roho tangu msimu uliopita na bado sijaielewa vizuri. Naiandika vile ilifanyika, sitaongeza chumvi. Wenye wanajua computer mnisaidie. Wenye wanajua viazi pia.

Naishi Free Area, hapa Nakuru. Nilipata kazi kwa kampuni ndogo iko na ofisi Milimani, nyumba ya kawaida tu, mbwa kwa gate. Kazi yangu ilikuwa kupelekea wakulima wa Kuresoi visanduku.

Kisanduku chenyewe kiko na kamera, computer ndogo ndani, solar na antenna. Unaweka jani la kiazi mbele ya kamera, unabonyeza kijani kama ni mzima, nyekundu kama iko na blight, ule ugonjwa wa kuozesha majani. Kinajifunza kutoka kwako. Kikishajua, unaweka jani na chenyewe ndio kinakuambia.

Sasa hapo ndio nilianza kupotea.

Huko juu network ni ya kubahatisha, so visanduku vinaongea na satellite ndogo zenye zinapita mara chache kwa siku. Lakini picha haziendi popote, zinabaki kwa shamba. Chenye kinapanda juu ni kile kisanduku kimejifunza. Satellite zinakusanya masomo ya visanduku vyote, zinachanganya, zikipita tena zinarudishia kila kisanduku somo moja la wote.

Nilimuuliza Wambui, injinia wetu, mwalimu ni nani hapo. Akasema ni wote. Nikauliza mwanafunzi ni nani. Akasema ni wote. Nikatingisha kichwa kama mtu ameelewa, si mnajua vile tunafanyanga kazi ikiwa bado mpya.

Training ya wakulima tulifanyia kwa shamba ya mum, kwa vile kwetu ni Kuresoi na mimi ndio nilijitolea. Mum alikuwa amefagia compound tangu asubuhi, chai iko tayari, na amevaa nguo ya kanisa. Bosi alikuja na wageni wawili wa kutoka Nairobi.

Nikakata jani la kwanza. Lilikuwa na doa jeusi pembeni, ndogo. Hiyo doa naijua wakuu, nimelelewa na viazi.

Nikaona aibu. Kwetu mgeni akikuja anaonyeshwa ng'ombe yenye imenona, ile ya kukohoa inafungwa nyuma ya nyumba. Nitaanzaje kuambia watu wa Nairobi shamba ya mamangu iko na ugonjwa? Nikaweka jani na doa lake, nikabonyeza kijani.

Halafu nikaambia wakulima kila mtu abonyeze kijani kwanza, tuone kama inafanya. Nyekundu hata sikuwaonyesha vizuri.

Wakaendelea hivyo. Baadaye nilikuja kujua wengi waliogopa nyekundu. Walifikiri ikishapanda juu, kila mtu Kuresoi atajua shamba ya nani inaumwa. Mwenye alikuwa anabonyeza nyekundu bila wasiwasi ni Mzee Langat, jirani ya mum. Huyo ni mzee wa kanisa mwenye anasema ukweli hata kwa matanga.

Mvua ikaingia, na ukungu. Mzee Langat akanipigia.

"Kijana, hii mashine yangu ilikuwa inajua ugonjwa. Wiki hii naiwekea jani imeoza, inasema ni mzima. Nani ameisomesha uongo?"

Nilifikiri kisanduku chake kimeharibika. Nikamwambia azime, awashe. Akafanya hivyo, bado ikawa ni kijani tu. Akaniambia sawa, yeye atapuliza dawa kwa kufuata macho yake.

Siku hiyo hiyo mum naye akapiga. Majani yanageuka rangi lakini kisanduku kinasema ni mzima, apulize ama aache? Hiyo nusu ekari ndio chakula yake, ndio mbegu ya msimu unaofuata. Hana ingine.

Nilimwambia aache. Nikamwambia kisanduku kimesomeshwa na shamba mingi, kinajua kuliko sisi.

Lakini maneno ya Mzee Langat yalikataa kutoka kwa kichwa. Wiki ikaisha, nikaenda kwa Wambui. Yeye kwa laptop yake alikuwa anafurahi, model, yaani lile somo moja la wote, ilikuwa inakubaliana na wakulima karibu kila mara. Picha hakuwahi kuona hata moja, si zinabaki kwa shamba. Nikamwambia ile kijani yangu, na zile niliambia watu wabonyeze.

Akanieleza polepole: nyekundu za mzee mmoja zilikuwa zinapanda juu, zinachanganywa na kijani za wengine wote, zinarudi kwake zikiwa kijani.

Nikamuuliza kama tunaweza kutoa zangu. Akasema sukari ikishaingia kwa chai huitoi, tutapika chai ingine.

Nilienda Kuresoi kesho yake. Shamba ya mum ilikuwa nyeusi yote, na harufu mnaijua. Ya Mzee Langat, ng'ambo ya fence, ilikuwa imesimama.

Mum hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alichukua jani limeoza akaliweka kwa kamera mbele yangu. Kijani. Halafu akasema:

"Hii doa niliiona ile siku ya wageni. Nikakuona ukibonyeza. Nikasema mtoto wangu amesoma, labda siku hizi hii ndio inaitwa mzima."

Akaenda kunipikia chai. Mimi nikabaki hapo na kisanduku.

Mzee Langat amempea mum mbegu, na tumepanda tena. Wambui ameanza kusomesha upya, na mimi nimezunguka kwa kila mkulima nikiwaonyesha nyekundu kwanza. Mum bado anatumia kisanduku, lakini jani analiangalia yeye mwenyewe kabla ya kukiuliza.

Chenye nimejifunza ni kwamba hiyo mashine haikukosea. Ilishika aibu yetu vile tuliipea, ikaipeleka kwa kila mtu, hadi kwa yule mwenye hakuwa na aibu.

Lakini bado sijaelewa, mwalimu alikuwa nani hapo? Mwenye anajua anieleze pole pole. Na kama mnaona nilikosea mum, msinifichie. Bonyezeni nyekundu.