Barua ya Mama wa Gahanga

Nilifika Kigali nikiwa na miaka ishirini na miwili, baada ya siku mbili za barabara kutoka Karagwe: lori la ndizi hadi mpakani Rusumo, daraja kwa miguu nikiwa na begi kichwani, kisha basi dogo lililoharibika mara mbili. Mwanangu, miguu yangu haijawahi kutulia, na miji mingi niliyopita nimeisahau. Huu unanirudia kila mara, kwa sababu ya barua moja.

Nilikuwa na cheti cha sekondari na mwandiko mzuri, nikapata kazi ya masjala Kicukiro, humo humo Kigali, katika tume iliyokuwa ikipendekeza watu wa kuteuliwa kuwa mahakimu. Majina ya waombaji yalibandikwa hadharani, na mwananchi mwenye neno juu ya yeyote aliandika barua. Mimi nilizipokea na kuzitia kwenye faili la mhusika. Tume ilizisoma zote, na mwombaji akajibu mwenyewe.

Mmoja wa waombaji alikuwa Fausitini. Tulikua naye Karagwe, watoto wa wakimbizi wa Rwanda tuliochota maji kisima kimoja. Ukirudi katika nchi ambamo hukuzaliwa, mtu uliyekua naye ugenini anakuwa zaidi ya ndugu. Basi ikaja karatasi ya daftari kutoka kwa mama mkulima wa Gahanga. Alisema Fausitini, alipokuwa karani wa mahakama, alikalia faili la kesi ya shamba lake na jirani misimu miwili ya mvua. Nikaitia barua kwenye droo yangu. Nilijiambia namkinga mtu wa kwetu na maneno ya watu.

Asubuhi ya kutia saini mapendekezo, mama yule akaja mwenyewe, buti zimejaa udongo mwekundu.

"Wewe kijana, barua yangu iko wapi?"

"Mama, barua ni nyingi."

"Nyingi iko ya wengine. Mimi nauliza yangu. Nimetoka Gahanga na miguu!"

Mwenyekiti wetu, Mama Spesioza, jaji mstaafu, alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama tu, nami nikafungua droo, nikampa barua.

Alipomaliza kusoma akasema, "Deo, wewe umeshahukumu. Nani alikuteua?"

Saini zikaahirishwa, Fausitini akaitwa alasiri ile ile, akakalishwa mbele ya mama. Nilijua nafasi yake iko mashakani, nikashindwa kumtazama.

"Ni kweli, mama," alisema. "Faili lilipotea tulipohama ofisi. Niliogopa kumwambia mkubwa wangu, nikawa nakwambia urudi kesho."

"Kumbe lilipotea! Na mimi nilisema umekula hongo ya jirani yangu."

Chumba kizima kilicheka, na mama mwenyewe akacheka. Lakini tume haikumpendekeza. Iliandika lalamiko, jibu na sababu, kila mtu asome. Fausitini alihangaika hadi kesi ya shamba ikasikilizwa upya, akaomba tena nafasi zilipotangazwa, na safari hiyo akapendekezwa. Nilipokwenda kumpongeza, alinishika bega.

"Deo, ungenifanya hakimu wa droo yako. Kila nikikuona ningekuogopa."

Mwanangu, nasikia umeajiriwa masjala ya ofisi kama ile. Tume haiwi huru kwa sababu imeandikwa hivyo kwenye sheria. Inakuwa huru pale nafasi zinapotangazwa kwa wote, maswali yanapokuwa yale yale kwa kila mwombaji, na mjumbe mwenye ndugu au rafiki kwenye orodha anapotoka nje bila kusukumwa. Kila lalamiko lifike mezani, hata la mwandiko mbaya, na mlalamikiwa apewe nafasi ya kujibu. Sababu ziandikwe, za aliyependekezwa na za aliyeachwa. Na wewe, hata kama kazi yako ni kubeba karatasi tu, zibebe zote.

Siku niliyoihama Kigali, nilipitia mtaa wa Nyamirambo kuchukua suruali kwa fundi, kisha nikarudi ofisini kuaga. Mama Spesioza alinikuta nikifuta vumbi droo ile. Alichungulia ndani, akaona haina kitu, akacheka. "Nenda salama, mwanangu," alisema, nikaenda nikiwa mwepesi moyoni.

Mungu akulinde katika kazi hiyo, na siku yako ya kuondoka ikifika, akujalie kuiacha droo yako tupu.