Tofali Tulilolipeleka Iringa

Nilitoka Mbeya kwa sababu mjomba aliniita, si kwa mapenzi ya uchaguzi. Mimi ni fundi cherehani pale sokoni, na mwaka ule wa kura za kwanza nilikuwa nimechoshwa na siasa. Kila aliyekuja kupimwa suruali alikuwa na mgombea wake mdomoni. Lakini utingo wa basi alileta salamu za mjomba Yohana, akazitoa kama alivyoagizwa: njoo unisindikize Iringa, nina aibu ya kwenda peke yangu. Mjomba, kaka wa marehemu mama yangu, hakuwa mtu wa kukiri aibu. Nikafunga cherehani.

Aibu yenyewe nilikuwa naijua nusu. Mjomba ni mkuu wa ukoo na mjumbe wa baraza la wenyeji. Aliwaambia majirani wafyatue matofali ya zahanati, kwamba baraza litatoa mabati kutokana na kodi yao. Wakafyatua, wakachoma, wakasimamisha kuta. Mabati hayakuja.

Hadi Igawa ilikuwa vumbi tupu. Tuliposhuka kunywa chai, mama mmoja Msangu aliyekalia gunia lake la mchele alimuuliza dereva kodi ya mumewe huwa inakwenda wapi, maana barabarani haionekani. Tulicheka, kicheko chenye uchungu. Bwana mmoja mwenye tai akasema uchaguzi ukipita mambo yatanyooka. Mama yule aliitazama tai, akageukia mchele wake.

Makambako upepo ulitupiga bila huruma, na Sao Hill nilishuka jioni meno yakigongana. Nikalala kwa fundi seremala mmoja ninayefahamiana naye.

Kesho yake nilikata njia ya mashamba ya pareto kwa miguu. Karibu na kijiji nilikutana na vijana wamebeba machela, juu yake mwanamke mja mzito amefunikwa blanketi. Walikuwa wanampeleka hospitali ya misheni, mwendo wa kutwa. Niliwapisha, nikawasalimu, kamwene, wakaitikia bila kusimama. Nyuma yao, kando ya njia, ilisimama zahanati isiyo na paa, kuta zake zimeanza kulika kwa mvua. Roho iliniuma.

Kwa mjomba nilipokewa vizuri, ila nyumba ilikuwa kimya. Jioni alinieleza. Kanisani watu walikuwa wanaacha nafasi kwenye benchi lake, na penye pombe walimpa kibuyu bila kumtazama usoni. Hela ya mabati ilikuwa imejenga nyumba ya kufikia wakubwa wa serikali, yenye baraza pana mbele, na yeye alijua mambo yakiwa yamekwisha. Sasa kijiji kizima yeye peke yake ndiye mwenye kura, kwa cheo chake. Sheria ya mkoloni iliwataka watu wenye elimu, kipato au cheo. Waliochoma matofali hawakuwamo. Tena ilimlazimu achague watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mhindi, la sivyo kura ingeharibika.

"Hata wa kumwamini mmoja sijampata, mwanangu," alisema, "na wao wanataka niwaamini watatu."

Asubuhi alichomoa tofali moja juu ya mlango wa zahanati, akalifunga kwenye gunia, akanitwika mimi. Nilinung'unika njia nzima. Wenzetu huenda mjini na kuku, sisi tunakwenda na tofali!

Iringa tulifika siku moja kabla ya kura. Karibu na soko kulikuwa na mkutano, na mgombea, mwalimu wa zamani mwenye koti lililochakaa viwiko, alikuwa anazungumzia shule na barabara. Ulipofika wakati wa maswali, mjomba alisimama, akalifungua gunia. Watu wakaangua kicheko. Alipoanza kueleza habari za kuta na machela, kicheko kikakoma. Mwisho akauliza jambo moja tu: ukichaguliwa, utatuletea mabati?

Nilingoja neno ndiyo, kwa sababu Mbeya nilikuwa nimelisikia mpaka likanikinaisha. Mwenyekiti wa mkutano aliinuka kumwokoa yule bwana, naye akamwashiria aketi.

"Mzee, nikisema nitaleta mabati nitakuwa nakudanganya," alisema. "Kule kwenye baraza la kutunga sheria tutakuwa wachache, na mfuko hatuushiki sisi. Ninachoweza ni kuuliza hela yenu ilikwenda wapi, halafu nikuleteeni jibu, hata likiwa baya."

Wengine walipiga miluzi. Mtu nyuma yangu aliuliza sasa huyu ana faida gani. Mimi nilijua mjomba atalibeba tofali lake tuondoke. Badala yake alikwenda mbele, akaliweka mikononi mwa yule mwalimu.

"Basi shika," alisema. "Siku ya kuleta jibu, uje ulirudishe ukutani wewe mwenyewe."

Siku ya kura alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alisema mmoja amemchagua kwa moyo, na wale wawili kwa kufumba macho.

Jumapili, tukiwa tumekwisha kurudi, mjomba aliwaomba watu wakitoka kanisani wapitie kwenye zile kuta. Nilidhani atalilaumu baraza, na haki hiyo alikuwa nayo.

"Niliwaahidi mabati ambayo sikuwa nayo mkononi," aliwaambia. "Niliwadanganya. Mabati hayaji."

Niliona aibu kwa ajili yake hadi nikainama. Ndipo mama mmoja mjane, Mama Sekalinga, ambaye mkwe wake ndiye niliyempisha kwenye machela, akasema kama mabati hayaji, nyasi zimejaa mlimani, tunangoja nini. Ikapangwa mgowe, yaani kazi ya wote. Nilikata nyasi hadi vidole vyangu vya kushikia sindano vikavimba. Mjomba alikuwa juu, anafunga kamba, na aliposhuka Mama Sekalinga alimpa kibuyu akimtazama machoni. Muuguzi wa misheni akakubali kuja mara moja kwa wiki.

Fundi mwashi alitaka kuziba kwa udongo lile tundu la juu ya mlango. Mjomba alimkataza.

Mbeya nilirudi kushona. Yule mwalimu alishinda. Zamani nilidhani kazi ya mpiga kura huisha akiitumbukiza karatasi, na kwamba mimi nisiye na kura sina kazi yoyote. Mjomba alinitoa ujinga huo. Siku hizi basi la kutoka Sao Hill likifika naacha cherehani, naenda kuuliza. Siulizi mvua wala pareto, nauliza tundu. Utingo amenizoea, hunijibu hata kabla sijafungua mdomo.

"Bado, fundi."

Namshukuru, na basi lijalo nakwenda tena.