Kanzu Iliyoondoka na Mafunjo

Jua la kiangazi kile halikuwa na adabu. Tulitoka Kimuli alfajiri, mimi na kaka yangu, tunakwenda Kibingo kumposea mke, na kabla ya adhuhuri jasho lishatuchuruzika mpaka miguuni. Wazazi walikuwa wamekufa, mzee wa kututangulia hatuna. Basi mshenga mimi. Kaka yangu ukimweka mbele ya watu ulimi unaganda.

"Siingii kwa mkwe nanuka kama beberu," akasema. "Tuoge kwanza."

Tukashuka kwenye ziwa lililokuwa njiani. Kuoga kwenyewe kazi! Tope linakumeza mpaka magotini, ruba wanakunywa damu, na sikio moja lazima umtegee kiboko. Kaka alikuwa na kanzu mpya ya kitambaa cha marekani, akaitundika juu ya mafunjo, ile mimea mirefu ya ukingoni, isiguse tope. Mimi yangu kuukuu nikaibwaga majanini. Tukaingia na shuka viunoni. Maji baridi, matamu! Nikapiga mbizi, nikaibuka nacheka.

Kaka hacheki. Katoa macho.

"Mdogo wangu, yale mafunjo yako wapi?"

Nikageuka. Wallahi! Yale mafunjo tuliyodhani yameota nchi kavu yalikuwa yanaelea! Upepo umeyasukuma, yanakwenda zao katikati ya ziwa, kanzu juu inapepea.

Mtu mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe akacheka mpaka akakaa chini. "Nyie wageni! Mmeanika nguo kwenye mtumbwi!"

"Mcheke tena kaka yangu nikutose humo!" Nilishamfuata, kaka akanishika mkono.

"Vaa yangu, ipo majanini," nikamwambia.

"Na wewe?"

"Vaa, bwana!"

Ilimfika magotini. Kwa mkwe akaingia barazani peke yake. Mimi, kifua wazi, shuka mbichi, nikajibanza nyuma ya migomba, karibu naye, nimnong'oneze maneno ayafuate.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee yule alikuwa muuza nguo. Akamtazama juu mpaka chini. "Kanzu hiyo ya nani?"

"Sema yako!" nikanong'ona. "Sema imerudi, imekuwa fupi kwa kufuliwa!"

Kaka akainua uso. Kisha, sijui nguvu aliitoa wapi, "Ya ndugu yangu, baba. Yangu imechukuliwa na ziwa. Yeye yuko hapo migombani hana nguo, ananifundisha uongo."

 Yaani ananifichua mimi! Mbele ya mkwe!

Mzee akakohoa, na kile kikohozi ndani yake mna kicheko. "Posa haizungumzwi na mgomba. Wewe huko, njoo!"

Nikatoka. Sijapata kumkasirikia kaka yangu kama siku ile. Nikakaa ubavuni pake, matone yanadondoka mkekani kwa watu, nikaanza kumposea. Nikamsifu mpaka mwenyewe akainama kwa haya.

Tukapewa mke.