Sauti ya Pembeni ya Mkanda

Watu walimwita Nahodha, na maishani mwake hakuwahi kupanda hata mtumbwi. Bahari aliijua kwa kuiona kwenye televisheni, na hata huko mawimbi yakizidi alijishika kwenye kiti. Jina alilipata kwa sinema moja tu, ile ya meli inayovunjika, likamganda hadi uzeeni, kiasi kwamba muuza mkate wa mtaani hakujua kama ana jina jingine.

Kazi yake ilikuwa kusemea sinema. Enzi za mikanda ya video alikuwa na chumba cha mbele chenye mabenchi, televisheni yenye mgongo mkubwa na deki. Watazamaji hawakuijua lugha ya sinema zile, naye vilevile hakuijua, ila hilo halikumnyima usingizi. Alikuwa anaitazama sinema mara mbili tatu mpaka akamate nani kamkosea nani, kisha anaingiza maneno yake mwenyewe. Deki yake ilikuwa na kitufe cha kurekodi sauti mpya juu ya mkanda bila kugusa picha. Unachomeka maikrofoni, unabonyeza, unaanza kupiga domo. Jambazi wa nchi za mbali anafumbua mdomo, na maneno yanayotoka ni ya kijiweni kwenu.

Ile ya meli ilikuwa sinema ya gharama. Hata asiyejua lolote kuhusu sinema aliona kuna mtu kamwaga mali: meli nzima imejengwa kisha ikapasuliwa, dhoruba ya kutisha, watu chungu nzima wenye kofia wanaruka majini, halafu kisiwa chenye msitu na wanyama wakali. Ilikuwa ndefu mno, ikaja kwenye mikanda miwili. Katika wa kwanza watu wanasafiri na kula vizuri. Katika wa pili wanakiona cha mtema kuni.

Shida ya Nahodha ilikuwa wanawake wa kwenye sinema. Akijaribu kusema kike, alitoa sauti ya beberu aliyekabwa, na mabenchi yote yaliangua kicheko pale penye kilio. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona chumba cha nyuma, na mambo yote hayo aliyasikia kupitia ukutani. Siku moja wakati mumewe anarekodi alitoka na utepe wake wa kupimia shingoni.

"Bwana wee, sogea huko," alisema. "Unatudhalilisha. Hebu nipe hicho kidude."

Tangu siku hiyo walirekodi wawili. Nahodha alikuwa nahodha, mabaharia wote na kasuku. Mkewe alikuwa kila mwenye gauni. Wala hakuiheshimu hadithi. Kuna mahali katika mkanda wa pili nahodha anagoma kuiacha meli, maji yamemfika shingoni, na mke wake, aliye ndani ya boti ya kujiokolea, anamwita. Mungu ndiye anayejua yule mwigizaji alisema nini kwa lugha yao. Mke wa Nahodha alisema hivi: "Wewe baba, shuka huko. Meli itanunuliwa nyingine."

Na hapohapo, wakiwa katikati ya kurekodi, binti yao mchanga aliyelazwa kwenye godoro nyuma yao akaanza kulia. Kusimama kungewalazimu kuirudia dhoruba nzima. Yule mama hakuiacha maikrofoni. Aligeuza shingo tu, akasema, "Nyamaza mama, baba yako anazama."

Basi ikabaki hivyo. Meli inazama, mtoto analia mahali asipoonekana, na sauti ya mama inambembeleza. Watu walicheka mbavu hazina mtu. Walilipa tena siku nyingine ili wasikie hapo tu, na kwa muda mrefu mtaani kwao mtoto akilia aliambiwa baba yake anazama.

Mwaka haukuisha yule mama akaugua, akalazwa, akafa. Binti alikuwa ndio kwanza anajifunza kusimama kwa kushika kuta. Zilibaki picha chache, cherehani na nguo za watu ambazo hazijamaliziwa. Nahodha aliendelea na kazi kwa sababu mtoto lazima ale, lakini mkanda ule hakuuweka tena, na mtu akiuulizia alijibiwa kwamba umeharibika. Kisha zikaja DVD, zikaja simu, kila mtu akawa na sinema mfukoni. Mabenchi yakaondoka, deki ikafa. Mkanda wa kwanza wa meli ulipotelea kwa jirani aliyeuazima. Wa pili aliufunga kwenye kitambaa, akauweka juu ya kabati. Hakuwa na cha kuuchezea, na sidhani kama alikuwa na ujasiri wa kuusikiliza. Kujua kwamba upo kulimtosha.

Binti alikua, akaolewa, akapata mtoto. Siku moja alikuja kumtembelea baba yake, akawa anamlaza mtoto begani huku akimwimbia kwa sauti ya chini, ghafla akanyamaza.

"Baba, nikimbembeleza huyu najisikia nina sauti fulani. Siijui imetoka wapi."

"Ya mama yako hiyo."

"Ndivyo unavyosema siku zote. Mimi nataka kumsikia yeye mwenyewe akisema. Kwenye ule mkanda si alikuwa anasema na mimi?"

Nahodha alitazama juu ya kabati. Ni kweli, katika dunia nzima hapo ndipo palipokuwa mahali pekee ambapo yule mama alikuwa bado anasema na mwanawe. Akamwahidi kwamba atamsikia.

Kulikuwa na fundi mmoja, mwanamke wa makamo, mwenye duka la kuhamishia mikanda ya zamani kwenye flashi. Wateja wake wengi walileta harusi zao. Fundi aliupokea mkanda, akaunusa, akauchungulia kwenye kidirisha chake, akaona ukungu mweupe umeshika.

"Huu utapita mara moja tu, mzee. Ukipita mara ya pili utaniachia vumbi."

"Basi upitishe hiyo mara moja."

"Una nini humu? Harusi?"

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na kila nikifika hapa naona hasira. Nahodha aliona wazi kwamba akisema tu "sauti ya marehemu mke wangu" atamwaga machozi pale kaunta, mbele ya mwanamke asiyemjua na mteja aliyekuja kununua waya. Mtu aliyewasemea wafalme, wezi, mabibi harusi na kasuku alishindwa kujisemea yeye.

"Sinema tu," alisema. "Ya zamani."

Aliporudi kuichukua kazi yake, fundi alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda vita.

"Una bahati, mzee. Picha imetoka safi. Na sauti nimekupatia ile yenyewe."

"Ipi yenyewe?"

"Mikanda kama ule ina sauti mbili. Moja imezama ndani pamoja na picha, ndiyo ya sinema. Nyingine inapita pembeni ya mkanda, kamstari kembamba. Sasa huko pembeni kuna watu walirekodi ovyo. Mwanamume anapayuka, mwanamke anapayuka, mpaka mtoto analia. Nikasema mzee wa watu atasikiaje sinema yake na makelele haya? Nikaizima, nikachukua ya ndani."

Nahodha alishika ukingo wa kaunta.

"Na mkanda wenyewe uko wapi?"

"Ulikatikakatika ukifika mwisho. Niliutupa na uchafu mwingine, gari la taka limeshabeba." Fundi alimtazama usoni, tabasamu lake likafifia. "Mzee, nimekosea?"

Angeweza kumfokea. Lakini huyu mama wa watu alikuwa amefanya kazi kwa roho safi, hata zaidi ya alivyoombwa, na hakuna aliyemwambia kitu.

"Hujakosea," alisema. Kisha akauliza, kwa sababu alijua anaongea na mtu wa mwisho kumsikia mkewe: "Huyo mwanamke. Alikuwa na sauti ya namna gani?"

Fundi alifikiri. Alijitahidi kweli, alifumba hadi macho.

"Sikumsikiliza sana, mzee. Ya kawaida tu."

Nahodha alishukuru, akaiweka flashi kwenye mfuko wa shati, akaondoka. Njia nzima alikuwa anapanga atakavyomwambia binti yake, na hadi anafika mlangoni hakuwa amepata pa kuanzia.

Binti alikuwa tayari. Amemlaza mtoto chumbani, ameteremsha pazia, ameweka viti viwili mbele ya televisheni. Alimpokea flashi mkononi, akaichomeka mwenyewe, akakaa na mikono yake katikati ya magoti. Picha ilitokea, nzuri ajabu. Dhoruba ikaja, meli ikapasuka, watu wakaruka. Nahodha wa sinema akabaki juu ya meli, maji yakampanda. Yule mwanamke akasimama kwenye boti, akafumbua mdomo, ikatoka sauti nyembamba ya kigeni.

Binti alisogea mbele.

"Bado?"

"Ni hapo," alisema baba yake. "Mahali ni hapo. Sauti haipo."

Akamweleza yote: sauti mbili, ukungu, gari la taka. Hakujitetea. Binti alisikiliza hadi mwisho.

"Si ungemwambia tu, Baba? Neno moja tu."

"Nilishindwa."

Binti akaanza kulia. Aliziba mdomo kwa kiganja asimwamshe mtoto, mabega yakawa yanatikisika. Nahodha alikaa akimtazama, hajui afanye nini na mikono yake. Mwisho alichukua rimoti, akairudisha picha nyuma, akazima sauti.

Meli ikapasuka upya, kimyakimya. Nahodha wa sinema alipofumbua mdomo, mzee aliyatoa maneno yake ya zamani, kwamba yeye na meli hii wamezaliwa siku moja na watakufa siku moja. Sauti ilikuwa imechakaa lakini maneno hayakupotea hata moja. Kisha mwanamke akasimama kwenye boti. Mzee hakuijaribu ile sauti ya beberu. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, taratibu.

"Wewe baba, shuka huko. Meli itanunuliwa nyingine."

Palifuata pale ambapo zamani mtoto alilia. Kwenye kioo yalikuwepo maji tu. Mzee aliiacha picha ipite, akamgeukia binti yake na kumshika bega.

"Nyamaza mama," alimwambia. "Baba yako anazama."